Kilimanjaro: Kutoka Habari za Theluji hadi Habari za Msitu

Wanaokumbuka mijadala ya mazingira ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakubali kwamba mabadiliko ya tabianchi katika Mlima Kilimanjaro yalielezwa kwa umma karibu wakati wote kupitia theluji. Mwaka 2002, watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson walionyesha kuwa barafu ya kileleni ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 80 tangu mwaka 1912, wakakadiria kwamba iliyosalia ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Kisha filamu ya mwaka 2006 ya mwanasiasa wa Marekani Al Gore ikaieneza habari hiyo duniani.

Habari hiyo ilieleweka upesi kwa kuwa picha mbili, ya zamani na ya sasa, zilitosha kuithibitisha, lakini iliufunika msitu, ambao ndio unaobeba maisha ya wakazi wa miteremkoni. Mwaka 2005, mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alieleza kuwa ukame uliozidi ulichochea mioto katika ukanda wa juu, miti ya jamii ya Erika ikateketea, vichaka vikachukua nafasi yake, na mpaka wa juu wa msitu ukashuka kwa mamia ya mita. Miti hiyo hunasa ukungu, yaani matone madogo yanayoelea hewani, ambayo hujikusanya kwenye majani na kuvumwani, yakadondoka ardhini na kulisha chemchemi. Kwa hiyo kutoweka kwa miti hiyo kunapunguza maji zaidi kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Maelezo hayo yalichelewa kupokelewa, kwani cheche ya moto mara nyingi hutoka kwa binadamu, kama vile mrina asali, na wasikilizaji walimlaumu mwasha moto bila kutambua kwamba ukame ndio unaoamua moto utafika wapi. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022, iliyoonekana nchi nzima kupitia simu na televisheni, ndiyo iliyoufanya msitu uzungumzwe kwa uzito, wakati ambapo barafu, kinyume cha makadirio, ilikuwa ingalipo na kuwapa wenye shaka kisingizio cha kukana mabadiliko ya tabianchi.

Basi anayeelimisha umma hana budi kuanza na maji ya chemchemi na mifereji, aeleze cheche na ukame kwa pamoja, na makadirio ayataje kuwa makadirio.