Mji Nao Uwe Mwenyeji

Mtanzania au Mkenya anayeishi Ulaya huwasikia wenzake kazini wakisema Jumatano kwamba Ijumaa jioni wanakwenda Berlin, na Jumatatu asubuhi wamesharudi mezani pao. Huko hawana shangazi, hawana rafiki waliyesoma naye, wala hakuna wa kuwapokea stesheni. Kwetu safari ya namna hiyo ni nadra. Mwishoni mwa wiki tunasafiri sana, lakini tunamfuata mtu: send-off Morogoro, mahari Moshi, msiba Kisumu, arobaini Tanga. Anayesema anakwenda Tanga kuutazama mji tu ataulizwa anafikia kwa nani. Wengi hueleza tofauti hii kwa fedha. Fedha imo, lakini naona sababu kubwa zaidi ni kwamba Berlin imeandikwa, ilhali Tanga ni lazima usimuliwe na mtu.

Angalia wikiendi ya Berlin inavyopangwa. Kwanza ni hati. Mwenye kibali cha kuishi Ufaransa au Uholanzi anaingia Ujerumani bila viza nyingine, ila abebe pasipoti pamoja na kibali chenyewe, kwani Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen hata kwa usiku mmoja, na ada yake ilipanda kufikia yuro 90 Juni 2024. Baada ya hapo kazi ni kusoma. Usafiri wa mji umegawanywa kanda A, B na C. Uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo mwenye tiketi ya AB akitokea huko amepanda bila nauli kamili, na akikamatwa hutozwa yuro 60. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili treni nyingi za chini ya ardhi hutembea mpaka asubuhi. Kupanda kwenye kuba la kioo la Bunge, lililosanifiwa na Norman Foster, ni bure, lakini jina na tarehe ya kuzaliwa hupelekwa mapema kwa mtandao. Jumapili maduka mengi yamefungwa, maana katiba yao inailinda siku hiyo iwe ya mapumziko, hivyo maji na mkate hununuliwa Jumamosi. Hata kinachokosekana kimetangazwa: Makumbusho ya Pergamon yalifunga milango yote Oktoba 2023, na watu waliambiwa kabla kwamba sehemu moja inatazamiwa kufunguliwa 2027 na nyingine si kabla ya 2037. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji kujuana na mtu. Asiyejua neno la Kijerumani anayapata yote akiwa amejilaza kwake Rotterdam.

Nyumbani maarifa hayo yote anayo mwenyeji. Yeye ndiye ajuaye daladala za Kivukoni zinasimama wapi, nauli ya kweli ya bodaboda ni shilingi ngapi, na ni saa ngapi duka fulani litafungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Sidharau jambo hili hata kidogo. Mwenyeji hukulisha, hukulinda, hukutambulisha kwa majirani, na wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini tazama linalofuata. Asiye na ndugu Tanga haendi Tanga. Mwenye ndugu Dar es Salaam huenda kila mwaka, akakaa sebuleni Tabata, akapelekwa kusalimia wazee Mbagala, akarudi Tabora bila kufika Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Si kwamba hapendi kuliona. Mwenyeji mwenyewe hajafika huko, na mgeni mwenye adabu hamwachi mwenyeji wake nyumbani akaenda kuzurura. Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi: akisafiri peke yake bila ndugu wa kumpokea, safari yake hutiliwa shaka, na mara nyingi mapokezi ya gesti yatamuuliza maswali ambayo mwanamume haulizwi. Tukiuacha mji mzima mikononi mwa mwenyeji, tunamfungia nje kila ambaye hana mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba ratiba si desturi yetu, kwamba Mwafrika huishi na watu na Mzungu huishi na saa. Maneno haya hupendwa, nami siyakubali. Mabasi yetu ya mikoani yameondoka alfajiri kwa saa iliyopangwa miaka mingi, na abiria huwa stendi kabla hakujapambazuka. Treni ya SGR ilipoanza kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma Julai 2024, safari ikawa chini ya saa 4, saa za kuondoka zikatangazwa, tiketi zikauzwa kwa mtandao, na watu wakaizoea mara moja. Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza 2017, hujaa siku za sikukuu hata asiyekata tiketi mapema akabaki. Na mfano unaonigusa zaidi ni wa matatu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia za Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu za jiji, usafiri ambao wengi waliuona ni vurugu tupu. Njia zilikuwapo, namba zilikuwapo, vituo vilikuwapo. Hakuwapo wa kuyaandika hayo mahali pamoja. Tatizo si tabia ya abiria.

Pingamizi la fedha ni zito kuliko hilo. Anayefungua duka Jumamosi na Jumapili hana wikiendi ya kupanga, na chumba cha hoteli kwa mshahara wa wengi ni anasa. Hilo halibishaniwi. Ila mtu aliyetoka Mwanza kuja Dar kwa harusi keshalipa nauli, keshatoa mchango, keshashona na sare. Nusu siku katika Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichofunguliwa miaka ya 1960, ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika gharama ya safari yake. Kinachomzuia ni kutojua kinafunguliwa saa ngapi, kiingilio ni kiasi gani na gari lipi linafika mlangoni.

Wala mji ulioandikwa haukosi kasoro. Humpeleka mgeni kule alikotangaziwa: Lango la Brandenburg, East Side Gallery, picha, basi. Mswahili akifuata orodha hiyo peke yake anaikosa Berlin inayomhusu. Katika Museum für Naturkunde, makumbusho ya maumbile yanayofungwa Jumatatu, imesimama mifupa ya dinosaria Giraffatitan yenye kimo cha zaidi ya mita 13. Imetoka kilima cha Tendaguru, Lindi, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913, kazi iliyoanza miaka miwili tu baada ya vita vya Majimaji kuzimwa katika kusini hiyo hiyo. Mamia ya vibarua waliichimba, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kaskazini zaidi, mtaa wa Wedding, barabara iliyopewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939 iligawanywa na kupewa majina mapya mwaka 2024, na kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Ni ushindi wa watu waliodai kwa miaka mingi. Watalii wengi hawafiki kule, na anayefika, mara nyingi kuna mtu wa Berlin aliyemwambia. Hapa mwenyeji hana mbadala, ndiyo maana siombi tumwache. Naomba asiwe mlango pekee.

Halmashauri zetu zinaweza kuanza kesho bila mkopo wa mtu: ubao kwenye kila stendi kuu, unaotaja njia za magari na nauli halali, na saa za kufungua kila makumbusho, soko na bustani, kwa Kiswahili. Lakini sisi tulio nje tusiwasubiri. Ukienda likizo Desemba, toa siku mbili kwa mji usio na ndugu yako ndani yake. Andika ulipanda gari gani, ulilipa kiasi gani, gesti ipi ilikuwa salama, mahali papi palifungwa na lini. Yaweke mtandaoni kwa Kiswahili chepesi, yenye tarehe, ili binti wa Singida asiye na mtu Tanga naye akate tiketi.