Kumpeleka Mtoto Gredi ya 10, Isiolo

Timau kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Tulipoipita, barabara ikaanza kuteremka, na abiria wakaanza kuvua masweta. Mbele yetu nchi ilifunguka, tambarare ya kahawia yenye vilima vya hapa na pale. Mpwa wangu akaacha kula karanga akatazama nje. Sanduku lake la bati lilikuwa kwenye keria, limefungwa kwa kamba pamoja na godoro.

Ilikuwa Januari 2026, naye yumo katika kundi la kwanza la sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Nyumbani kwetu wote tulipitia mfumo wa zamani wa 8-4-4, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kinachomngoja.

“Shangazi, huko kuna maabara kweli?”

Nikamwambia tutaiona kwa macho yetu.

Sisi wa huku kwenye mlima tulikua tukisikia kwamba Kenya inaishia Isiolo. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapo. Siku hizi inapita Marsabit hadi Moyale, na maneno hayo yamebaki kwa wasiosafiri. Mjini Isiolo niliona akina mama wakipakia madumu ya manjano kwenye basi. Ni maziwa ya ngamia. Wanawake wa ushirika wa Anolei huyakusanya kwa wafugaji na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi.

Shuleni, shule ya umma ya bweni, foleni ilikuwa ndefu. Ndoo, kufuli, shuka, vyote vikakaguliwa. Serikali humtengea mwanafunzi Sh22,244 kwa mwaka. Chakula na malazi ni juu ya mzazi, na mhasibu hana mzaha.

Kwenye karatasi mikondo ni mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Kiswahili, Kiingereza na Hisabati ni za wote, pamoja na mafunzo ya huduma kwa jamii, kisha mwanafunzi anaongeza masomo matatu. Wetu alichagua Biolojia, Kemia na Kilimo. Ila mkondo bila vifaa ni maneno tu, kwa hiyo nikaomba kuiona maabara.

Sikujali ukubwa wa jengo; nilifungua bomba. Likakohoa, likatoa maji ya kutu, halafu yakatakata. Mwalimu akacheka, akasema wazazi wengi huulizia kompyuta kwanza. Maji hutoka kwenye tangi, na yakipungua, majaribio huahirishwa.

Juu ya meza palikuwa na laktomita ndani ya silinda ndefu ya maziwa. Mwalimu akampa mpwa wangu kikombe cha maji, akamwambia amimine kidogo kidogo. Laktomita ikazama taratibu, mstari baada ya mstari. Hivyo ndivyo mnunuzi anavyomnasa aliyetia maji kwenye dumu. Nikayakumbuka yale madumu ya stendi. Mji huu una mnada wa mifugo na maziwa ya kwenda Nairobi. Anayesoma Kemia na Kilimo hapa ana pa kwenda kujifunzia nje ya lango, mradi shule ikubali kumtoa.

Nilimuuliza mwalimu kama huwa wanawatoa. Akasema ndio mpango, ila basi ni lile moja, na timu ya voliboli hulitaka kila wikendi.

Mpwa wangu hakutusikiliza. Alikuwa ameinamia silinda, anasoma vipimo.

“Shangazi, nenda tu. Magari ya Nanyuki hujaa mapema.”