Barua Hupiga Hodi

Picha inayotundikwa ukutani humngoja mtu aje. Barua haingoji. Hufunga safari, ikavuka nyika na bahari, ikapiga hodi nyumbani kwa watu na kuingia hadi ukumbini. Tofauti hii niliijua kwa maneno tangu ujana wangu. Kuijua kwa moyo kulinigharimu kimya cha miezi kumi na mmoja kutoka kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote walionifundisha, na kisa hicho ndicho nitakachokisimulia hapa, kwa idhini yake.

Mimi ni mchoraji, mtu wa bara. Maskani yangu ni Kansay, kata iliyomo katika wilaya ya Karatu, mkoa wa Arusha, jirani na Ngorongoro. Msomaji wa visiwani asitaraji kusikia habari za mnazi wala mkarafuu. Kwetu ni nchi ya miinuko na makorongo, na ya udongo mwekundu unaoganda miguuni wakati wa masika na kupeperuka kama moshi wakati wa kiangazi. Wenyeji walio wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, isiyo na udugu na Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kwetu ni lugha ya shule, ya soko na ya kanisa, na adabu zake mtu hujifunza polepole, kama mgeni anayejifunza vichochoro vya mji asiouzaliwa.

Siku yangu huanza kwa chai ya maziwa na kiporo cha makande. Kisha nakaa barazani na vifaa vyangu. Rangi zangu nyingi hazitoki dukani. Nyekundu ni udongo wa shambani, uliochujwa kwa kitambaa na kukorogwa kwa gundi ya mgunga. Nyeusi ni makaa. Kahawia ni kahawa ya Karatu iliyochemshwa hadi ikawa nzito. Rangi ya dhahabu iliyofifia ni maganda ya vitunguu vya Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ambako maji ya chemchemi hunywesha mashamba wakati nchi nyingine yote imekauka. Bahasha nazitengeneza mwenyewe kwa karatasi ya mifuko ya saruji, tabaka la ndani lililo safi, na kuzigandisha kwa uji mzito wa ngano. Kadi nyingine nawauzia wageni wanaopita kwenda kutazama wanyama wa kreta, na hizo ndizo zinazonipa unga na sukari. Zilizo bora hazina bei. Hizo naziandika anwani, nazibandika stempu, napanda pikipiki hadi Karatu mjini na kuzitia posta.

Sanaa hii ya kutumiana kazi za mikono kwa posta ina historia yake huko ng'ambo. Mjini New York, Ray Johnson, aliyefariki mwaka 1995, alianza tangu miaka ya 1950 kuwapelekea watu michoro na vikato vya karatasi, na aghalabu alimwomba mpokeaji aongeze chochote kisha airudishe au ampelekee mwingine. Waliofuata nyayo zake wakaenea duniani, wakajiwekea desturi: maonyesho yao yasiwe na majaji, mtu asitozwe ada, na kazi iliyotumwa isirudishwe kwa mwenyewe. Niliposoma habari hizo sikuona ugeni mkubwa. Malenga wa pwani walikuwa wakipelekeana tungo kabla posta haijajulikana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu, na beti zikavuka bahari kwa jahazi. Hata leo mtunzi wa shairi la waraka huanza kwa kuuamuru waraka wake uondoke, uende, ufike na umsalimu fulani. Na mwanamke anayempelekea shoga yake kanga, jina lake likiwa limechaguliwa kwa makusudi, je, hakumpelekea barua?

Hayo yote nilifundishwa na Maalim. Kati ya mwaka 2006 na 2008 nilikaa Unguja nikifundisha uchoraji, na chumba nilichopanga kilikuwa jirani na nyumba yake. Alikuwa mwalimu mstaafu na mshairi. Jioni, baada ya sala ya isha, aliniita barazani kwake, akanimiminia kahawa ya tangawizi, akanihesabisha mizani kwa vidole kama mtoto wa chuoni. Nilipokosea hakunikaripia. Alinyamaza tu hadi nilipoliona kosa mwenyewe. Siku ya kuagana aliniambia: "Mwanangu, simu husema lakini haishikiki. Wewe una mkono. Niletee kitu cha kushika."

Basi kwa miaka tisa nikawa nampelekea. Kila nilikokwenda kutafuta picha, nilimtumia kadi: Kolo, huko Kondoa, ambako watu wa kale walichora wanyama na binadamu kwa rangi nyekundu juu ya miamba; mnada wa Karatu wenye vumbi, mbuzi na nyama choma; ukingo wa Ngorongoro alfajiri, ukungu ukiwa umelijaza bonde zima kama maziwa katika kibuyu. Naye alinijibu kwa ubeti mmoja au miwili, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo, ndani ya bahasha yenye harufu ya karafuu. Kwa kuwa nchini mwetu barua huishia katika sanduku la posta, alikuwa akimpa mjukuu wake ufunguo aende kuichukua. Jambo hili nililijua. Sikulitafakari.

Mwezi Mei mwaka 2017 nilikuwa Dodoma. Nilikwenda kuchora mizabibu, ambayo katika ardhi ile kavu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tofauti na nchi za baridi ambako huvunwa mara moja tu. Mkulima aliyenikaribisha alikuwa mkarimu. Alinipa ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji, na baada ya chakula akaniletea bilauri ya mvinyo mwekundu wa zabibu za shamba lake mwenyewe. Nami kwa imani yangu mvinyo si haramu. Hata madhabahuni upo. Nilikunywa huku nikichora. Nilipoinua bilauri, kitako chake kilikuwa kimeacha duara juu ya kadi, jekundu la zambarau, zuri kuliko mstari wowote niliokuwa nimeuchora siku hiyo. Sikulifuta. Nililizungushia majani ya mzabibu kwa wino, na chini yake nikaandika: "Mvinyo wa mkulima, Dodoma." Nikaitia posta kwa Maalim.

Ilimfikia katika mwezi wa Ramadhani.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kimya tu. Julai hapakuwa na jibu, wala Agosti. Nikatuma kadi nyingine, na nyingine tena. Mwaka ule nao ulikuwa mgumu kwetu kwa sababu zake. Wakulima wengi wa Karatu hutegemea mbaazi kupata fedha, na mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania alikuwa India. Mwezi Agosti India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei ikaanguka, na magunia yakabaki yamerundikwa majumbani. Kwangu yalibaki matano, nyuma ya mlango wa chumba ninachofanyia kazi. Nilikuwa nachora huku nimezungukwa na mali isiyotakiwa, nikimwandikia mtu asiyejibu.

Katika miezi hiyo nilikwenda tena Ngorongoro. Upande wa kusini magharibi wa nchi ile kuna mahali paitwapo Laetoli, ambako mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilifukiwa tena katika miaka ya 1990 ili zisiharibiwe na mizizi na mvua. Nilikaa nikifikiri juu ya wale waliopita. Wao hawakumwandikia mtu. Walikwenda zao, na majivu yakaihifadhi njia yao, na yeyote anayeiona leo hana la kuwalaumu, kwa kuwa hawakumchagua. Mimi nilimchagua mtu. Niliandika jina lake juu ya bahasha. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kosa langu, kama ni kosa, halikuwa katika duara lenyewe.

Mwezi Aprili 2018 ikaja bahasha yenye harufu ya karafuu. Ndani yake mlikuwa na kadi yangu ya Dodoma. Haikuchanwa. Mahali palipokuwa na lile duara palikuwa na tundu, lililokatwa kwa wembe kwa uangalifu mkubwa, bila kugusa hata jani moja la mzabibu. Nyuma palikuwa na ubeti huu, ambao ameniruhusu kuutoa:

Kadi yako imefika, nimeipokea hodi,
Doa limeshaondoka, si kwa chuki na inadi,
Wajukuu huishika, wakauliza kusudi,
Tundu ninaloliweka, lijaze kisha irudi.

Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta. Kisha nikaelewa yaliyotokea: mjukuu amefungua sanduku, amekimbia na kadi hadi nyumbani, amewaonyesha wenzake, na katikati ya mwezi mtukufu watoto wakamwuliza babu yao kwa nini rafiki yake amemletea mvinyo. Mzee yule, aliyezoea kuwaambia wajukuu kuwa kadi zile ni mfano wa mapenzi baina ya watu wa mbali, akakosa la kusema.

Nilijiuliza maswali ambayo sijayamaliza hadi leo. Je, kumficha sahibu sehemu ya maisha yako si unafiki? Maalim anajua kuwa mimi ni Mkristo, na anajua kuwa baadhi ya jioni nakunywa bilauri moja. Hakuniambia niache, na ubeti wake haukuniambia hivyo. Lakini kujua ni jambo moja, na kuletewa hadi mkekani ni jambo jingine. Mtu anapokukaribisha nyumbani kwake huachi imani yako nje, unaacha viatu. Nami nilikuwa nimeingia na viatu.

Hapo nikamkumbuka Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945, mchonga nakshi, mwanamuziki, mshairi na bingwa wa hati. Alinakili tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann, na miongoni mwa miswada yake imo ambayo leo inatunzwa katika chuo cha SOAS, London. Wapokeaji wake hao hawakuwa wa lugha yake, lakini hati ile, iliyonyooka na kupambwa, ilikuwa heshima ya mwenye kuandika kwa mwenye kupokea. Hakuandika ili aonekane yeye tu. Kila herufi ilikuwa imekwisha kujua inakwenda kwa nani.

Nilichukua wiki mbili kulijaza tundu. Nilichota udongo shambani, nikauchuja mara tatu, nikaukoroga kwa gundi ya mgunga, nikaupaka juu ya kipande cha kitambaa na kukibandika nyuma ya tundu. Ulipokauka ulikuwa mwekundu, si mbali sana na rangi ile ya kwanza, ila wenyewe ulikwaruza kidole. Chini, penye maneno ya zamani, nilifuta neno moja moja na kuandika: "Udongo wa Kansay." Nikaipeleka.

Safari hii jibu halikuchelewa, wala halikuja kwa posta. Simu ililia, na sauti ya mtoto ikasema: "Shikamoo. Babu anauliza, udongo huu hupandwa nini?"

Nikageuka kutazama magunia nyuma ya mlango. "Mwambie babu," nikasema, "hupandwa mbaazi."

Nikasikia maneno yakipita upande wa pili, kicheko cha mzee, kisha mtoto akarudi: "Babu anasema, sasa mbona hukuleta?"

Nilipeleka gunia moja kwa basi hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo likavuka kwa boti. Halikuwa na stempu, lakini nililishona kwa mkono na kulichora ubavuni. Maalim alinijulisha baadaye kuwa zilipikwa kwa nazi, zikaliwa kwa mandazi asubuhi, na majirani wawili wakapelekewa bakuli. Gunia lenyewe hakulitupa. Alilikata upande wenye mchoro, akautundika ukumbini.

Bado nakunywa bilauri moja jioni nikiwa Kansay, nikitazama vumbi likitua. Bado natuma kadi. Kabla ya kufunga bahasha husoma anwani mara mbili, taratibu, na kumfikiria mtoto mwenye ufunguo.