Ndege wa udongo kule Mithila

Wengi mmeniuliza niliona nini India. Nilienda kumtembelea binti yangu anayesoma kule, na rafiki yake wa darasa akatualika kwao, karibu na mji wa Darbhanga, jimbo la Bihar. Toka Delhi ni karibu siku nzima ndani ya treni. Nchi hiyo wenyewe wanaiita Mithila. Sehemu yake moja iko India, nyingine iko Nepali, na pande zote mbili wanasema Kimaithili.

Tulifika wakati sikukuu ya Chhath imeisha, ile ambapo wamama wa Kihindu husimama ndani ya maji na kulitolea jua sadaka. Nilisikitika kwamba tumechelewa. Mama mwenye nyumba akacheka: sasa ndiyo zamu ya Sama.

Jioni ileile wanawake waliketi uani na udongo mbichi. Harufu yake ilinikumbusha wamama Wabatwa wanaofinyanga vyungu kwetu Kivu. Hapa walifinyanga ndege wadogo wa kuenea kiganjani. Jike ni Sama, dume ni Chakeva. Kuna ndege saba kwa mstari, kuna mbwa, kuna msitu wa Vrindavan wenye miti ya nyasi kavu. Na kuna mtu mmoja wa sura mbaya, masharubu yake ni ya katani: huyo ni Chugla, yaani mchongezi.

Mikono ikifanya kazi, hadithi inasimuliwa. Bibi mmoja anaanza, mwingine anamkosoa, msichana anaongeza lake. Binti yangu alinitafsiria kile rafiki yake alichomtafsiria. Hadithi ilinifikia imechoka kidogo, lakini ilifika. Sama alikuwa binti wa Krishna, na alipenda kutembea msituni. Chugla akaenda kwa baba yake, akasema msichana anaonana na mtawa huko. Uongo mtupu. Krishna hakumwita mtoto kumuuliza. Alimlaani palepale, akageuka ndege. Mume wake, kwa kumpenda, akakubali naye awe ndege. Aliyekataa ni kaka yake, Samba. Alifunga na kuomba mpaka baba akalegea, na Sama akapewa kurudi nyumbani siku chache kila mwaka. Siku hizo ndizo hizi, kati ya Oktoba na Novemba, majira ambapo ndege wa kuhama hushuka toka upande wa Himalaya.

Kila usiku wasichana hubeba ndege zao ndani ya vikapu, taa ndogo katikati, wanaenda shambani wakiimba. Huko wanamchoma Chugla masharubu. Kila mmoja anapata zamu yake, wanamtukana, wanacheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Nilipokuwa na miaka 12, jirani mmoja alikuja kumwambia baba kwamba dada yangu ameonekana na mwanaume kwenye njia ya mto. Dada alikuwa ametumwa na mama kuchota maji, na mimi nilimwona akienda na akirudi. Baba hakuuliza mtu. Asubuhi dada alipandishwa gari kwenda kwa shangazi, mbali, na masomo yake yakaishia hapo. Tulikuwa na kaka wanne. Hakuna aliyemsemea. Hata mimi.

Niwaambie pia juu ya kuta. Nyumba ile ilikuwa imechorwa samaki, tausi na maua ya yungiyungi, mistari miwili miwili, hakuna nafasi tupu hata ya kidole. Zamani wanawake wa Mithila walichora ndani tu, hasa chumba cha maarusi, na wageni hawakuona. Tetemeko la mwaka 1934 lilibomoa kuta, ndipo afisa Mwingereza, W. G. Archer, akaziona picha hizo. Baadaye, ukame wa miaka ya 1966 na 1967 ulipoleta njaa, serikali iliwapa wamama karatasi wachore na kuuza. Dulari Devi, mtoto wa wavuvi aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba za watu, alijifunza kuchora katika nyumba alimofanya kazi, na mwaka 2021 taifa la India likampa nishani ya Padma Shri. Mama yule naye anauza picha, analipia watoto shule. Nilipomuuliza bei alinijibu kama muuzaji wa soko la Kadutu: wewe unatoa ngapi?

Usiku wa mwezi mpevu wanaagana. Kila kaka anavunja ndege kwa goti lake, na dada anamwekea chakula ndani ya kitambaa. Msichana mmoja hakuwa na kaka. Kijana wa jirani alikuja bila kuitwa. Na mimi nilikuwa nimefinyanga Sama wangu, mdomo umepinda. Mtoto wa nyumba ile alimvunja polepole, akainamisha kichwa.

Nilimpigia dada simu usiku huo. Kwetu jua lilikuwa bado. Nilimsimulia yote, kisha nikamwambia: dada, siku ile nilikuona, ulikuwa umeenda kuchota maji tu.

Alinyamaza sana mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza:

«Na udongo wao, ni mwekundu kama wa kwetu?»

Nikamwambia hapana, ni wa kijivu.