Jino la Mama na Cheti Changu



Kabla hujaanza maswali ya sura inayofuata, kaa nami kidogo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, nina miaka 34. Nataka nikueleze jinsi nilivyorudi kufanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa tayari na shahada ya ualimu, na kwa nini nisingependa na wewe uje kurudi kwa njia hiyo.

Nilizaliwa Kwamkoro, kwenye Milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Mama yangu alikuwa mchuma chai. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, alijitwika kapu mgongoni akatoka. Harufu ya chai kutoka kiwandani ndiyo iliyotuamsha sisi watoto. Na kilomita chache tu kutoka kwetu kuna Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ambapo watafiti wa malaria walikuja kufanya kazi miaka mingi baadaye. Sayansi ilikuwa jirani yetu kabisa. Lakini mimi niliiogopa kama mtoto anavyoogopa mbwa wa jirani.

Shule niliyosoma ilikaa miezi mingi bila mwalimu wa Fizikia. Kemia tulifundishwa kwa kunakili tu ubaoni, bomba la majaribio tukiliona kwenye picha. Tulipoingia kidato cha tatu tukaambiwa tuchague mchepuo. Niliandika jina langu kwenye orodha ya sanaa bila kufikiri hata dakika mbili. Baiolojia ilibaki kwa kuwa ilikuwa ya lazima. Fizikia na Kemia nikazitupa, na jioni ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Sikuchagua sanaa kwa sababu naipenda, ingawa baadaye niliipenda kweli. Nilichagua kukimbia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ningependa uyatenganishe moyoni mwako leo.

Miaka ikapita. Nikafaulu, nikaenda chuo kikuu, nikaajiriwa. Nilipofika miaka 31, mama akaanza kuugua jino, gego la chini upande wa kushoto. Alifanya kama wanavyofanya wengi kwetu: akaweka karafuu iliyopondwa, akasukutua maji ya chumvi, akabana tumbaku. Akasema litatulia. Halikutulia. Siku ya tano nilipofika nyumbani, shavu lilikuwa limevimba, hawezi kula wala kulala. Nikampakia garini tukateremka hadi mjini kutafuta matibabu.

Kwenye chumba cha meno alikuwepo kijana mmoja aliyevaa koti jeupe. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, madam."

Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha Kiswahili kidato cha nne, akikaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Ni wale ambao mwalimu huwasahau upesi. Sasa alimshika mama yangu begani, akamwambia, "Mama, nitakuchoma ganzi kwanza. Utasikia kama ninasukuma, lakini maumivu hutayasikia." Akasubiri ganzi ishike, akachukua koleo, na kabla sijamaliza kusali jino lilikuwa kwenye kisahani. Usiku ule mama alilala usingizi wa siku tano.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza alifikaje pale. Akacheka kidogo. "Kwa D zangu, madam. D ya Fizikia, D ya Kemia na C ya Baiolojia. Nikasoma stashahada miaka mitatu." Kisha akaongeza, kama mtu anayetania, "Na wewe, madam, mbona una mikono mitulivu? Ungeifaa kazi hii."

Yeye alitania. Mimi sikuweza kulala. Mwaka mzima uliofuata nilijikuta nikitazama midomo ya watu. Niliona wanafunzi wasiocheka kwa kuficha meno yaliyooza. Nilianza kutaka kazi ile kama nilivyokuwa sijawahi kutaka kitu. Basi usiku mmoja nikatoa vyeti vyangu vyote nikavipanga mezani. Shahada ya ualimu ilikuwepo, imegongwa muhuri. Cheti cha kidato cha nne kilikuwepo: Kiswahili A, Historia B, Baiolojia C. Fizikia na Kemia hazikuwepo. Si kwamba nilifeli. Hazikuwepo kabisa. Aliyefeli ana alama anayoweza kuirekebisha. Mimi sikuwa hata na alama.

Sasa sikiliza mambo yalivyo, maana huenda wewe au ndugu yako mkayahitaji. Nchini kwetu kuna njia mbili kuu za kufika kwenye kiti cha meno. Ya kwanza ni stashahada ya utabibu wa kinywa na meno, ambayo huchukua miaka mitatu. Anayeiomba anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Ya pili ni shahada ya udaktari wa meno, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hiyo ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na kwa kawaida huingiwa kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia ya kidato cha sita. Sifa hizi hupitiwa mara kwa mara, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako wa NACTVET na wa TCU. Usitegemee maneno ya kijiweni.

Umeona shahada yangu ya sanaa ilipo katika hesabu hiyo? Haipo. Nilitafuta njia ya mkato. Mtu mmoja aliniambia kuna kozi ya wiki chache, ukilipa unapata cheti na kufungua chumba. Nilishawishika kwa siku mbili nzima. Kisha nikakumbuka shavu la mama, nikajiuliza kama ningemruhusu mwenye cheti cha namna ile aingize sindano kinywani mwake. Madaktari wa meno nchini husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na si kwa urasimu tu. Ni kwa sababu mdomo wa mtu si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nikarudi kwenye mlango ule ule niliouacha nikiwa na miaka 16. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yako ya mtihani inaanza na herufi S. Yangu ilianza na P. Siku ya mtihani nilikaa chumba kimoja na vijana ambao ningeweza kuwafundisha. Mmoja aliniamkia akidhani mimi ni msimamizi.

Nitakuambia ni nani aliyenifundisha. Mwalimu mwenzangu wa Kemia aliniruhusu kuingia maabara Jumamosi, lakini dhana ya moli nilifundishwa na msichana wa kidato cha tatu, mwanafunzi wangu mwenyewe. Alinieleza mara nne. Mara ya nne akasema, "Madam, fikiria dazeni. Dazeni ni kumi na mbili, iwe ya mayai au ya machungwa. Moli nayo ni idadi, ila kubwa sana." Nikaelewa. Tangu siku hiyo sijawahi kumdharau mwanafunzi anayeuliza mara nne.

Kilichonisaidia zaidi ni jino la mama. Kila mada niliipeleka kwenye jino. Baiolojia: mtoto ana meno 20 ya utoto, mtu mzima ana 32, na kila aina ina umbo linalolingana na kazi yake, ya mbele hukata, chonge hurarua, magego husaga. Kemia: bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na pH ya kinywani ikishuka chini ya takribani 5.5, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka kutoka kwenye gamba gumu la nje la jino. Hilo ndilo tundu. Ndiyo maana anayekunywa soda kidogo kidogo mchana kutwa huumia kuliko anayeimaliza mara moja na mlo, maana wa kwanza hayapi mate nafasi ya kuirudisha pH juu. Fizikia: koleo la kung'olea ni nyenzo mbili zilizounganishwa kwenye egemeo moja, mkono wa jitihada ni mrefu kuliko mkono wa mzigo, hivyo nguvu ya kiganja huongezeka kwenye ncha. Hata kiwanda cha chai cha Kwamkoro kikaanza kusema nami. Jani la kijani likishasagwa hugeuka kahawia kwa sababu vimeng'enya vyake hukutana na oksijeni ya hewani. Kemia ilikuwa ikinipita puani tangu nikiwa mtoto, nami nikidhani ni harufu tu.

Matokeo yalipotoka, Kemia nilipata C. Fizikia nilipata F. Nilijifungia ndani Jumapili nzima, na Jumatatu nikaingia darasani kuwafundisha watoto utenzi huku wengine wakijua kwamba mwalimu wao amefeli. Hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata nikarudi tena, na Fizikia nikapata D. Unajua D huanzia alama 30 kati ya 100. Katika maisha yangu nimewahi kupata A kadhaa, lakini sijawahi kuililia kwa furaha hata moja kama nilivyoililia D ile.

Sikuwa mwalimu wa kwanza kuwaza haya. Marekani, katika karne ya 19, alikuwepo mwalimu aliyeitwa Lucy Hobbs, aliyefundisha karibu miaka kumi kabla ya kugeukia tiba. Chuo cha tiba kikamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Akageukia meno, chuo cha meno nacho kikamkataa. Akajifunza kwa faragha kwa daktari aliyekubali kumfundisha, akafungua chumba chake, akatibu watu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1866 chuo kile kile kilichomkataa kilimtunuku shahada, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa na shahada ya udaktari wa meno. Yeye alifungiwa mlango na watu. Mimi niliufunga kwa mkono wangu. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Sasa nina maneno matatu kwako.

La kwanza ni kwa wewe uliyeandikishwa Fizikia na Kemia lakini umeshakata tamaa, umepanga kuingia chumba cha mtihani uandike namba yako na kulala. Usilale. Hukuhitaji A ili kijana yule amtulize mama yangu. Alihitaji D tatu au zaidi, na alizitafuta swali kwa swali. Chagua mada tano unazoweza kuzimudu, fanya maswali ya miaka iliyopita ya mada hizo hadi yakuchoshe, na uende kukusanya alama 30 zako. Cheti hiki kitakufuata. Hata ukifika ngazi za juu, vyuo hurudi kukitazama.

La pili ni kwa wewe wa sanaa. Usijione mdogo. Utabibu hauanzi kwenye koleo, huanzia pale mgonjwa anaposema linapouma, na wewe umefundishwa kusikiliza na kueleza. Kama sanaa ndiyo uliyoichagua kwa moyo, ifanye vizuri. Na kama siku moja utagundua kwamba ulikimbia, jua kuwa mlango haujafungwa. Utaulipia kwa usiku wako, kwa mshahara wako na kwa aibu kidogo, lakini unafunguka.

La tatu ni kwa wote. Usiulize, "Somo hili ni gumu au jepesi?" Uliza, "Nikiliacha, ni nani sitaweza kumsaidia?" Mimi sikuuliza swali hilo nikiwa na miaka 16. Jibu lilikuwa mama.

Ninapoandika haya bado nashika chaki. Nimetuma maombi ya stashahada kwa vyeti viwili, cha zamani na kipya, na ninasubiri majibu. Ada ya mwaka wa kwanza nimeshaiweka; ya mwaka wa pili bado. Wikiendi iliyopita nilipanda Kwamkoro kumweleza mama. Aliendelea kumenya muhogo, akanyamaza kitambo, halafu akafungua kinywa akanionyesha pengo lake.

"Hili siliweki jino la bandia," akasema. "Nakusubiri wewe."

Fungua sasa sura inayofuata. Swali la kwanza si gumu kama linavyoonekana.

Nakutakia mtihani mwema.