Mke wa Mombasa na Mke wa Eldoret



Vijana wetu wanaosomea sheria hapa Eldoret hunijia baada ya sala ya Ijumaa na maswali waliyotoka nayo darasani. La karibuni lilikuwa hili: mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha ndoa za jinsia moja kwa hoja ya usawa. Jaji Mkuu wake, John Roberts, aliyekuwa miongoni mwa waliopinga, aliandika kwamba hoja hiyohiyo yaweza kutumiwa kudai ndoa ya wake wengi. Je, sheikh, nasi tuishike hoja hiyo?

Jawabu langu ni la. Msimamo wa dini yetu juu ya ndoa za jinsia moja unajulikana, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 45, imetaja haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, sitalirefusha hilo. Ninachokitazama ni msingi. Hoja ile husema kwamba watu wazima wakikubaliana, serikali isiwazuie. Mitala katika Uislamu haikusimama juu ya makubaliano peke yake, wala haikuletwa iwe dai la mwanamume. Aya ya tatu ya Suratun-Nisaa imetoa ruhusa na papo hapo ikaifunga: achelea kutofanya uadilifu na atosheke na mmoja. Mwenye kushika nusu ya kwanza akaiacha ya pili ameshika kitu ambacho hakupewa.

Isitoshe, hapa Kenya hatuna cha kudai. Sheria ya Ndoa iliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Aprili 2014 inatambua ndoa za aina tano, na mbili kati yake, ya Kiislamu na ya kimila, zinaruhusu mke zaidi ya mmoja. Mtakumbuka ilivyopita: wabunge wanaume walikiondoa kipengele kilichompa mke aliye nyumbani sauti kabla mumewe hajaongeza mwingine, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Nilisikia wanaume wakishangilia hata barazani kwetu. Sikuona cha kushangilia, kwa kuwa nakaa Eldoret.

Mji huu umekaa kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba. Dereva wa lori ana nyumba yake Changamwe au Mikindani, ana watoto, ana mke aliyemwoa kwa mahari na mbele ya watu. Baada ya safari kadhaa anapata mwanamke wa hapa, mara nyingi binti aliyesilimu juzi, asiye na ndugu Mwislamu wala mtu wa kumwambia aulize nini. Nikahi inafungwa chumbani usiku, mashahidi wakiwa madereva wenzake wawili. Cheti hakuna. Sheria inamtaka kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa aiandike ndoa, atoe cheti, na kumbukumbu zifike kwa msajili. Karatasi hiyo ndiyo bwana anayoikimbia.

Niliitwa kusuluhisha jambo moja la namna hii mtaa wa Langas. Mume alifariki kwa ajali njiani, akapelekwa Mombasa, akazikwa siku ileile kama ilivyo sunna. Mkewe wa Eldoret alipata habari siku ya tatu, kwa utingo. Akapanda basi na watoto wawili hadi nyumba ya marehemu, akamkuta mwanamke amekaa eda ambaye hajapata kusikia jina lake. Simlaumu yule mke mkubwa kwa kumfungia mlango. Naye alikuwa anafiwa mara mbili kwa siku moja. Fungu la thumni ambalo wajane hugawana, mumewe akiwa ameacha watoto, lilikuwa la wote wawili. Mdogo hakuwa na cha kuonyesha, na shahidi mmoja alikuwa ameshahamia Juba, simu haishikwi.

Mwezi Juni 2025 Mahakama yetu ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu wasinyimwe urithi wake kwa sababu tu ya kuzaliwa nje ya ndoa. Masheikh wameijadili sana hukumu ile, nami nina langu la kusema siku nyingine. Linaloniuma ni kwamba watoto wale wa Langas walizaliwa ndani ya nikahi, na leo inawabidi wasimame kwenye mlango wa waliozaliwa nje yake.

Mabwana hunijibu kwamba idhini ya mke wa kwanza si sharti la nikahi. Ni kweli, si sharti. Lakini Mtume (s.a.w.) ameagiza nikahi itangazwe, na zamu za usiku ni wajibu wa mume kwa kila mke. Utamgawiaje zamu mtu asiyejua kama kuna zamu? Mke wa Mombasa anayeambiwa kuwa lori limekwama kwenye foleni ya Malaba, ilhali bwana yuko Langas anakunywa chai, anaibiwa siku zake. Majirani zetu wa Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wamempa mke nafasi ya kuweka pingamizi. Mimi sifiki huko. Naomba aarifiwe tu, kabla na si baada, na ndoa iandikwe.

Kwa hiyo anayenijia kutaka nimfungie nikahi ya pili namtaka mambo matatu: mashahidi wanaokaa mjini hapa, fomu za cheti, na simu apige mbele yangu kwa mkewe wa kwanza. Wengi huaga kwa adabu wakatafute sheikh mwingine, na hawakosi kumpata. Mwezi wa Rajabu mmoja alikubali. Alitoka kibarazani na simu yake, akakaa huko hadi chai ikapoa. Aliporudi aliomba tuiahirishe hadi baada ya Ramadhani. Sasa tumo katika Mfunguo Tatu, na bado sijamwona.