Baridi ya Desemba

Jioni moja ya mwezi Oktoba binti yangu, mwanafunzi wa darasa la tano, alinijia barazani akiwa na kitabu cha hadithi alichoazima shuleni. Alikifungua kwenye picha ya mji mdogo ulio mlimani. Mapaa yalikuwa meupe, taa zilining'inia kutoka nyumba hadi nyumba, na watu waliovaa makoti mazito walikuwa wakielekea kanisani kwa ibada ya Krismasi. Akaweka kidole juu ya ule weupe, akauliza: "Baba, majira haya kwetu yanaitwaje?"

Swali lilinikuta na daftari la hesabu magotini. Hapa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, nilikuwa nikipanga safari ya kwenda mji wa mlimani kwa Krismasi: Marangu, nyumbani kwa wakwe zangu, chini ya Kilimanjaro. Kwa kuwa najiona mpenzi wa lugha, nilijibu upesi: "Kipupwe." Kabla hajafika mlangoni nikamwita arudi. Nilikuwa nimemdanganya.

Kipupwe ni baridi ya Juni, Julai na Agosti. Desemba ni mlango wa kaskazi, upepo wa joto ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Masika, vuli, kusi na kaskazi ni majina ya watu walioishi wakiitazama bahari. Sisi wa Usukumani tuliyapokea pamoja na Kiswahili chenyewe, ingawa mwaka wetu una sehemu mbili tu: miezi ya mvua na miezi ya ukavu. Kwetu Desemba ni mwezi wa jembe. Anayesafiri Desemba anaacha majaruba ya mpunga yakimsubiri, na majirani watamsema.

Nikamweleza kwamba majira ya kitabu chake hayana jina kwetu, yana maelezo tu: majira ya baridi. Hakuridhika. Akasema, "Mbona shuleni tunaweka pamba kwenye mti wa Krismasi?" Nikacheka, kwani ni kweli. Kila mwaka watoto hukata tawi, wakalibandika vipande vya pamba, zao letu Wasukuma, ili liwe na theluji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigusa. "Bibi yenu wa Marangu anaiona akiwa shambani kwake," nikamwambia. Akauliza, "Sasa mbona hatujawahi kwenda?"

Swali hilo halikuwa la lugha, na sikulijibu.

Wasomaji waniwie radhi, nitalijibu hapa. Mke wangu ni Mchaga. Tulikutana wakati mgodi wa Buzwagi ukifanya kazi. Uzalishaji ulianza mwaka 2009, na watu wakaja hapa kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lahaja yake ya Kiswahili. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Kwa miaka hiyo kila ifikapo Novemba nilimwambia baba mkwe kwa simu, "Krismasi hii tunakuja." Kila mwaka kulikuwa na zamu, au mtoto mchanga, au shamba. Mwaka 2017 neno makinikia lilitoka mgodini likaingia vijiweni, kila mtu akalijua, na sisi tuliokuwa ndani tukaanza kuhesabu siku zetu. Mwaka 2021 uzalishaji ulikoma, na kazi yangu nayo ikaisha.

Miezi michache baadaye baba mkwe alifariki. Mke wangu alisafiri peke yake. Mimi nilituma rambirambi kwa simu, nikabaki. Nilijipa sababu nyingi, lakini ya kweli ilikuwa moja: niliona aibu kusimama mikono mitupu mbele ya wakwe, mtu aliyeoa akiwa na mshahara na sasa hana. Mkwe ana nafasi yake msibani, na nafasi yangu ilibaki wazi mbele ya ukoo mzima. Mama mkwe hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Kisha, Krismasi iliyopita, nilimpigia simu kumtakia heri. Nikaamkia, akaitika, akauliza habari za wajukuu. Halafu akasema polepole, "Baba, nyumbani kuna baridi." Nikamjibu kama mtabiri wa hali ya hewa: nikashangaa, nikasema nilidhani Desemba huko kuna jua, nikamshauri avae sweta. Alinyamaza kidogo, akaniaga. Nilipomsimulia mke wangu, aliacha alichokuwa akifanya, akanitazama. "Marangu hakuna baridi Desemba," akasema. "Baridi ya Marangu ni ya Julai, ukungu unaposhuka mpaka kwenye migomba. Hukumwelewa mama."

Mimi ninayeandika beti na kusahihisha vina vya wenzangu sikuelewa neno la silabi tatu.

Tangu hapo nimelichunguza neno hilo. Limetoka katika Kiarabu, na limekaa kwetu muda mrefu hata likawa la nyumbani. Lina ndugu wawili wa mlimani. Theluji nalo ni la Kiarabu. Barafu ni la Kiajemi, na huko kwao maana yake ni ile theluji inayodondoka kutoka mawinguni. Lilipofika pwani yetu, mahali pasipodondoka kitu cha namna hiyo, likahamia kwenye donge gumu, na leo ni kile kinachouzwa kwenye vifuko kwa watoto wa shule. Maneno nayo husafiri, yakifika yanashika kazi inayopatikana, kama sisi tuliokuja Buzwagi.

Katika kuchunguza huko nilikutana tena na kisa cha Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 alikuwa njiani kuelekea Uchagani alipoona weupe juu ya mlima. Aliandika kwamba kiongozi wake wa njia aliuita weupe huo baridi, basi. Rebmann mwenyewe alitambua kuwa ni theluji. Habari zake zilipofika Ulaya, wapo wataalamu wa jiografia waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta, na ubishi huo ulidumu miaka kadhaa. Kisa hiki husimuliwa kwa sifa ya Rebmann, kwamba yeye alijua jina sahihi. Siku hizi mimi namfikiria yule kiongozi. Hakuwa na jina la kitu, akataja kinachompata mtu anayekikaribia. Mama mkwe alifanya vivyo hivyo. Kiswahili kina ukiwa, kina upweke, kina simanzi, na yote anayajua. Alichagua neno ambalo mtu hulisema akitaka asogezewe moto.

Basi mwaka huu tunakwenda, na mipango iko katika daftari. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, nauli tayari zitakuwa zimeanza kuwa ngumu, kwa hiyo tiketi za watu wanne zinakatwa mapema. Jambo hili si dogo. Mwezi huo Wachaga hurudi nyumbani kutoka kila kona, na barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi hufurika. Sisi tutaingia kwa upande mwingine, alfajiri kutoka Kahama, tupite Tinde, Nzega na Igunga, tupande Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, kisha Singida. Baada ya hapo Katesh, ambapo mlima Hanang utawapa watoto kionjo cha milima, halafu Babati, Arusha, Moshi. Ni safari ya kutwa nzima. Kesho yake tutapitia Himo na kupanda hadi Marangu Mtoni.

Mke wangu amewaeleza watoto watakachokikuta. Marangu ya Desemba hujaa kuliko wakati wowote wa mwaka. Magari kutoka mijini hubanana sokoni, ubatizo na harusi hupangiwa mwezi huo kwa sababu ndipo ukoo unapokutana, na katika kila kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kuna mbuzi anayechinjwa na sufuria ya mtori. Wazee watakuwa na mbege yao. Watoto wameuliza kama watacheza na theluji. Tumewaambia ukweli: theluji iko juu, Kibo, kwenye mlima wenye urefu wa mita 5,895, na mwaka hadi mwaka inapungua. Wataiona asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika. Kwa Kichaga wanajua neno moja, aika, yaani ahsante. Mama yao anasema linatosha kuanzia.

Mkono mtupu haulambwi, nami safari hii siendi mtupu. Hapo ndipo hesabu zangu za Oktoba zilipokuwa zimekwama. Niliandika vitu vya dukani, nikavifuta kimoja kimoja. Mwishowe mke wangu alichukua kalamu akaandika: mchele wa shambani kwetu gunia moja, karanga, michembe na matobolwa. Nikamwambia viazi vikavu si zawadi ya kumpelekea mkwe. Akasema, "Mama hajawahi kula chakula cha kwako." Nikakubali. Majaruba yatasimamiwa na mdogo wangu, kwa makubaliano ya mavuno ambayo sitayataja hapa.

Bado lilikuwepo jambo la maneno. Nimeandika hotuba tatu za kuomba msamaha, nikazitupa zote tatu. Samahani ni neno la mtu aliyekukanyaga kwenye basi. Niwie radhi ni zuri, ila limezoea barua za ofisini, na hapo juu nimelitumia kwenu bila gharama yoyote. Kwetu Usukumani mtu hamsemeshi mama mkwe kwa mazoea, sembuse kumweleza habari za aibu yake. Kila nilichoandika kilikuwa fasaha, na ufasaha wake ndio ulionitia shaka.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee. Aliyekosa huchukua jani lake na kwenda nalo kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale si rahisi kukataa kusamehe. Nikauliza, nikiwa nalo mkononi niseme nini? Akajibu, "Isale ndilo neno." Mjomba wake atatungoja Marangu Mtoni nalo, tupande pamoja naye kabla ya kushusha hata mzigo mmoja. Kwanza tutakwenda kaburini, kisha mlangoni kwa mama.

Hata hivyo mshairi hakosi ubeti. Huu sitausoma Marangu, ndiyo maana nauacha hapa kwenu:

Neno lako nakumbuka, nyumbani kuna baridi,
Si mawingu yaloshuka, wala manyunyu na radi,
Ni mkwe asiyefika, aliyevunja ahadi,
Isale nimeishika, nipo nje napiga hodi.

Mwenye kuona dosari ya mizani aniambie, nitashukuru. Dosari ya mstari wa tatu naijua mwenyewe, na haisahihishwi kwa kalamu.

Nirudi kwa binti yangu, kwa kuwa naye nina deni. Jana aliniletea insha yake ya shule iitwayo "Likizo Yangu". Tulikaa nayo na kamusi. Nikamwonyesha kwamba likizo imezaliwa na kitenzi likiza, ambacho maana yake moja ni kumwachisha mtoto ziwa. Akaona ni kichekesho. Mimi nikakumbuka mwaka ule mgodi ulipotuachisha ziwa, tukalia kama watoto, na mimi nikaacha kwenda nilikotakiwa kwa sababu ya kilio hicho.

Katika insha hiyo ameandika kwamba watakwenda kwenye mji wa mlimani ambako kuna theluji juu, migomba chini na bibi katikati. Nilitaka kuirekebisha sentensi, nikaiacha. Chini yake ameandika kwamba Krismasi ya huko ni ya majira ya baridi. Nikamwambia, "Mwanangu, tulishasema Desemba Marangu kuna jua."

Akasema, "Lakini Bibi alikwambia kuna baridi."

Kumbe siku ile ya simu alikuwa karibu, akasikia. Sikulifuta. Milima haikutani, wanasema wahenga, lakini binadamu hukutana. Panapo majaaliwa, basi letu litaondoka Kahama alfajiri ya tarehe 20 Desemba. Nimewaambia watoto wabebe masweta.